Mlango wa Ghorofa ya Pili

Binti yangu hutengeneza michezo ya kompyuta. Jumapili moja, baada ya ibada, aliniwekea kompyuta mezani hapa nyumbani Nakuru, akaniomba niukague mji wa ndotoni alioubuni, kwa kuwa utumishi wangu wote nilikuwa mkaguzi wa ramani za majengo.

Nilistaajabu. Ngazi zilipanda mpaka zikarudi zilikoanzia. Chumba kimoja kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yenyewe. Nilichukua kalamu nyekundu nikaorodhesha kasoro. Ya kumi na mbili ilinikera kupita zote: mlango wa ghorofa ya pili uliofungukia hewani, bila roshani wala kizuizi.

"Aliyepitisha huu angefutwa kazi siku hiyo hiyo," nilisema.

Alicheka. "Baba, hiyo peke yake ndiyo sikuitunga. Niliipiga picha Rongai."

Nilimwambia haiwezekani. Kesho yake alinipeleka.

Mlango ulikuwepo, juu ya barabara. Mpangaji, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ameuziba kwa kabati la vyombo.

"Mzee, wewe ni wa serikali?" aliuliza. "Huyu ameanza kutambaa, na hii kabati akiisukuma inasonga. Nani alichora hii kitu? Alikuwa amelala?"

Nilinakili nambari ya kiwanja iliyoandikwa getini, nikarudi nyumbani kwenye madaftari yangu, ambamo niliweka kumbukumbu ya kila ramani niliyoipitia. Niliikuta: "Roshani ifutwe, imeingia katika hifadhi ya barabara. Ikifutwa, ramani imepita." Chini yake, saini yangu.

Niliifuta roshani. Mlango wake nikausahau. Wajenzi walijenga kile hasa nilichokiidhinisha.

Nilikisoma kifungu kile mara nne. Kisha chini ya saini nikaandika: "Mlango nao ulipaswa kufutwa. Kosa ni langu." Nikatia saini tena.

Asubuhi nilirudi Rongai na fundi wa kuchomelea, baada ya kumpigia simu mwenye nyumba.

"Kumbe ni wewe ulilala!" alisema yule mama nilipomweleza.

"Ni mimi, mama."

Kabati liliondolewa, vyuma vikafungwa ukutani kuuziba mlango. Fundi alipomaliza, mama alikataa kumweka mtoto chini.

"Egemea wewe kwanza, mzee."

Niliegemea kwa uzito wangu wote.