Mkono Uliochelewa Kuleta Habari

Nilisoma miaka mitatu tu. Nyumba hii ya mtaa wa Dilala niliijenga mwenyewe, na kanisani mimi ndiye mzee ninayebeba kikombe cha Meza ya Bwana. Kwa hiyo mkono wa kuume ulipoanza kutetemeka sikuona la kucheka. Divai ikimwagika Jumapili moja, kikombe atapewa mwingine.

Nikafanya kama tulivyofanya mashimoni Kasulo, tulikochimba madini. Kule kamba ikitikisika, unaikaza. Anayelegeza anamwangusha mwenzake aliye chini. Nikajaza kikombe maji, nikakibana mpaka vidole vikauma. Maji yakaruka.

"Tata, unabatiza meza?" mke wangu akauliza. Humu nyumbani wote wananiita Tata, yaani baba.

Binti yetu, muuguzi, alikuwa amekuja kututembelea. Yeye hakucheka. "Tata, Kasulo mutu wa chini akivuta kamba, wa juu alifanya nini?"

"Alijibu. Alivuta vilevile, wa chini ajue tumemusikia."

"Na jibu likichelewa?"

"Anawaza hatukusikia. Anavuta tena, kwa nguvu. Wa juu naye anavuta. Fujo."

"Basi ndivyo ilivyo mishipa yako ya fahamu."

Akaeleza. Ubongo unatuma amri: panda. Mkono unarudisha habari: nimefika hapa. Habari hiyo ndiyo inayopunguza amri. Ikichelewa, mkono umekwisha kupita mahali pake. Unaamriwa kurudi, unapita tena upande wa pili. Hata seli inayotuma amri ina tawi dogo la kumwamsha jirani yake, naye jirani anaiambia: inatosha.

"Weye unakaza, unaongeza amri juu ya amri," akasema. "Daktari atakuangalia. Lakini kwanza acha kukaza."

"Mi si shimo."

"Shimo halina kiburi," mama yake akadakia.

Wiki nzima nilijifunza upya kubeba maji, mimi niliyebeba magunia ya mawe. Kiwiko ubavuni, kikombe nusu, polepole. Sikupenda, lakini nilifanya.

Jumapili nilimwambia shemasi asijaze kikombe. Safu mbili zikapita vizuri. Ya tatu mkono ukaanza. Vidole vyenyewe vikataka kubana, nikavikatalia. Nikasimama tu, watu wakiniangalia, mpaka mkono ukatulia wenyewe. Nikaendelea.

Nilipofika kwa mke wangu, alikunywa, kisha akachunguza kitambaa cheupe chini ya kikombe, pembe hata pembe. Hakukuta hata tone la divai, akanionyesha kwa mkono niendelee.