Sufuria Iliyovuka Mlango-Bahari

Leopoldina alizaliwa São Mateus, chini ya mlima wa kisiwa cha Pico, akaolewa nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake. Bahari aliijua kama mtu amjuavyo jirani asiyesalimiana naye: kwa kuichungulia dirishani. Kisiwa cha pili, Faial, ng'ambo ya mlango-bahari, alikwenda kujifungua tu, maana hospitali iko kule Horta, na watoto wake wote walikuwa na adabu ya kuzaliwa kiangazi, maji yakiwa shwari. Alilima zabibu kati ya kuta za mawe meusi, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mawe hayo.

Ulimi huo ndio uliomponza. Siku ya kumzika mama yao, kaka yake Gildo, aliyeoa Horta, alipiga simu: vivuko vimesimamishwa. Leopoldina akatazama dirishani. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sahani.

"Anayetaka kuvuka huvuka," akamwambia, akakata simu.

Tangu hapo hawakusemezana. Miaka ikapita, wakazeeka kila mmoja upande wake.

Mwaka huu taji la sikukuu ya Roho Mtakatifu, linalohama nyumba hadi nyumba kila mwaka, liliangukia nyumba yake Leopoldina. Kwetu, mwenye taji hupikia kijiji kizima supu ya ng'ombe, na supu hiyo haikataliwi, hata na adui. Fungu la mgonjwa humfuata alipo. Na Gildo alikuwa kalazwa Horta, moyo umechoka. Leopoldina hakumwambia mtu. Alipanga mkate, nyama, kabichi na majani ya nanaa, akamimina mchuzi juu yake, akaifunga sufuria kwa blanketi.

Kwenye gati la Madalena, upande wa Pico, Nélio, baharia wa kivuko, alimwona akija na mzigo wake.

"Shangazi, leo huko nje bahari inacheza ngoma. Tukishafika Horta tunafunga kazi. Nipe mimi nikupelekee."

"Uinywe njiani?"

"Nionje chumvi tu!"

"Chumvi utaikuta baharini. Nishike mkono nipande."

Alikaa benchi la nje, kwa kuwa ndani harufu ya dizeli humpa kichefuchefu. Kivuko kilipovipita visiwa viwili vya mawe mdomoni mwa bandari, kiliinua pua, kikaitumbukiza majini.

"Roho Mtakatifu shuka," alipiga kelele abiria mmoja, "lakini supu ibaki juu!"

Haikubaki. Kifuniko kiliruka, mchuzi ukamwagikia sketi yake ya sikukuu, na wimbi likarusha maji yake ndani ya sufuria. Nélio akaja mbio.

"Nikuletee mfuko wa kutapikia?"

"Niletee kamba!" Alikuwa ameikumbatia sufuria kama mtoto. "Bahari hii imetoka wapi? Asubuhi kwangu ilikuwa imelala."

"Kwako mlima unaikinga, shangazi. Upepo ukitoka kaskazini-magharibi, São Mateus mnaanika nguo, huku kwenye mlango-bahari tunamwomba Mungu. Siku zote ni hivyo."

Leopoldina akageuka kuutazama mlima. Aliutazama mpaka Horta.

Hospitalini, Gildo alikuwa ameegemea mto wa kitanda, amekonda. Alimtazama dada yake, nywele zikimchuruzika maji. Leopoldina akafungua sufuria: mkate uliovimba, jani la kabichi, kipande cha nyama.

"Mchuzi uko wapi?" Gildo akauliza.

"Umebaki baharini." Akafuta kijiko kwa kitambaa, akakifuta tena. "Gildo, siku ile ya mama, kwangu maji yalikuwa yametulia."

"Nilikaa gatini na suti yangu mpaka giza likaingia."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Gildo akachukua kijiko, akala polepole, akakunja uso.

"Ina chumvi."

"Hiyo si yangu. Ni ya bahari."

"Unarudi saa ngapi?"

"Leo sirudi. Vivuko vimesimamishwa."

Gildo akamkazia macho.

"Anayetaka kuvuka huvuka," akasema. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na huku akikohoa akasogeza miguu yake, dada yake apate pa kukaa.