Mashine Mbovu za Mama Sindano

Kila asubuhi, kabla wafanyakazi wapya hawajaingia, Mama Sindano alijifungia katika chumba cha mafunzo akaharibu mashine. Hii aliilegeza uzi, ile akaigeuza sindano, nyingine akaichomoa mkanda. Kisha akajifuta mikono, akakaa kama hajui lolote.

Usimcheke. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona kola katika kiwanda kile cha nguo, na alikwishachoka kuona watu wakisomewa kitabu wiki nzima, wakiitikia kwa vichwa, halafu uzi ukikatika siku ya kwanza kazini, "Fundi! Fundi!" Alipokabidhiwa mafunzo, kitabu alikitia kabatini. Watu wakakaa wawili wawili, wakatafuta wenyewe mashine ina nini, wakawaeleza wenzao wamegunduaje. Jibu hakukupa, hata umlilie.

Kasheshe ilikuwa meneja. Kelele za mafunzo zilimfikia ofisini. "Mama, Ijumaa nakuja. Nikikuta ni mchezo, chumba nakifunga, nawe urudi kwenye kola."

Mama Sindano alikosa hata hamu ya kula. Hakuwahi kuipenda kazi kama alivyoipenda hii.

Ijumaa meneja akaingia, uso ameukunja, akamwendea aliyejikunyata nyuma kabisa, binti waliyemwita Kimya kwa uchache wa maneno yake. "Hii inaruka mishono. Ina nini?"

Kimya akazungusha gurudumu taratibu, akainama, akachungulia. Akatabasamu. Kisha akainuka, akamsogezea meneja kiti.

"Nimeshaona, bosi. Ila nikikwambia, kesho utakuwa umesahau. Jaribu wewe kwanza."

Moyo wa Mama Sindano ukalia paa! Meneja akakohoa, akaketi. Akakaza skrubu, akapitisha uzi upya, jasho likamtoka.

"Uzi hauna kosa, bosi," Kimya akasema. "Shuka chini kidogo."

Zikapita dakika kumi, mara meneja akaruka kitini. "Sindano! Imewekwa kinyume!"

"Haya, tueleze umegunduaje."

Akaeleza, mikono ikimsaidia, na watu wakampigia makofi.

Mlangoni meneja aligeuka. "Mama, Jumatatu nakuletea wasimamizi wote. Waharibie mashine na wao."

Mama Sindano akamtazama Kimya, ambaye tayari alikuwa amemkalia jirani yake kooni, hataki kumpa jibu. Mama wa watu akajivuna waziwazi, na wala hakuona haya.