Gavana Nyuma ya Jiko

Asubuhi ile Ozella Tarver alikuwa amesimama juu ya kiti akibandika magazeti ukutani, na Lemuel mumewe alikuwa chini ameshika sufuria ya gundi. Gundi yenyewe ilikuwa unga wa ngano na maji ya moto, na pilipili kidogo ili panya wasiitafune. Kila Desemba, pamba ikishatoka shambani na upepo ukianza kupenya kwenye mbao, walibandika.

"Huyu nani?" Lemuel aliuliza, akimpa ukurasa wenye picha ya mtu aliyevaa tai.

"Gavana."

"Tena?"

"Tena. Mwaka mzima kabwata. Mpeleke nyuma ya jiko."

"Jana si ulimweka nyuma ya jiko?"

"Jiko letu pana, mzee. Watabanana."

Lemuel hakujua kusoma. Habari za mwaka alizijua kwa mahali zilipobandikwa. Waliomuudhi Ozella walikwenda nyuma ya jiko, wakapata moshi na mafuta ya nyama mpaka Pasaka, na hapo hata mama zao wasingewatambua. Aliowapenda walikaa karibu na meza. Wasioeleweka walikwenda pembeni, kwenye giza, wakasubiri mwaka mwingine.

Yeye Ozella kusoma alijifunzia ukutani. Shule ya watoto weusi Alabama wakati ule ilikuwa miezi michache kati ya kuvuna na kulima, lakini kuta za mama yake zilikuwa wazi mwaka mzima. Aliwahi kulala na homa mbele ya tangazo la sabuni. Alilitazama hadi likamwingia kichwani, na alipopona akatoka kwenye sabuni akahamia kwenye siasa. Mama yake alibandika kwa ajili ya mizuka, maana mzuka hawezi kumdhuru aliyelala mpaka amalize kusoma kila neno chumbani. Ozella alicheka habari hizo, lakini hakuacha kipande cha ubao kitupu.

"Mzuka wa hapa kwetu kasoma kama wewe," alimwambia mumewe. "Mpe herufi mbili tu, atakesha nazo mpaka jogoo awike."

"Kwani ulikubali nikuoe kwa ajili ya kusoma?"

"Nilikubali kwa ajili ya mabega. Shika sufuria."

Magazeti ya wazungu aliyatoa mjini, kwa mama mmoja wa kizungu ambaye Ozella alimpigia pasi nguo zake. Gazeti la watu weusi lilikuja kanisani, likapita mikononi mwa nusu ya waumini, likamfikia limelegea kama kitambaa. Akipiga pasi alisoma, na akirudi alimsimulia Lemuel, na asubuhi ya kubandika ndipo alipotoa hukumu. Mwaka ule wa 1965 habari zilizidi kuta.

"Huyu hapa katoka kwenye chombo cha angani, anatembea hewani juu huko, kafungwa kamba," alisema. "Wamempigia makofi dunia nzima. Watu wetu walitembea hapahapa chini, darajani Selma, viatu miguuni, wakidai kura, wakapigwa marungu."

"Basi nyuma ya jiko?"

"Kakosa nini yeye? Mweke darini. Ndiko anakopenda."

Wale wa darajani aliwabandika mwenyewe juu ya meza, akilainisha karatasi kwa kiganja. "Mtu akivunjwa kichwa kwa ajili yako humwachi kwenye baridi." Moto wa ghasia za Los Angeles ulikwenda kando ya dirisha. Ndugu yake Cleophus alikuwa huko, yule aliyewacheka siku alipopanda treni kwamba wao wanabaki na ubaguzi, yeye anauacha stesheni. "Hasira ikikosa mlango hutokea dirishani," Ozella alisema, akasonya. Vita vya ng'ambo alivigeuza mara mbili tatu mikononi, kisha akavibandika juu ya mto wake, maana mpwa wao alikuwa huko na alitaka kumwombea bila kuinuka kitandani.

Ukabaki ukurasa mmoja, na nafasi moja kando ya mlango.

Ulikuwa na picha ya watu weusi wamepanga mstari mbele ya posta, wanangoja kujiandikisha kupiga kura kwa ile sheria mpya. Wa tatu katika mstari, kofia ya Jumapili kichwani na mkoba ameukumbatia, alikuwa Ozella. Alikwenda Agosti, siku ya pasi, bila mwenye shamba kujua. Gazeti la watu weusi lilikuwa limeitoa picha majuzi tu.

"Huu hapa mlangoni," alisema.

Lemuel hakumpa gundi. "Na Bwana Cade akiingia?"

"Aingie."

"Ozella. Nyumba si yetu."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya Cade, nyumbu wa Cade, na nusu ya pamba ya Cade. Kwenye shamba la jirani, waliojiandikisha walitolewa vyombo nje, na sasa walilala kwenye mahema kando ya barabara kuu. Ndiyo maana Lemuel mwenyewe hakwenda. Sheria mpya haikujali kusoma, Ozella alikuwa amemweleza zaidi ya mara moja. Lakini yeye alihesabu mapaa, si sheria.

"Weka nyuma ya kabati," alisema.

"Nyuma ya kabati nitafanya nini, nihesabu mende?" Alishuka kitini, akapangusa mikono. "Haya, usinune. Tutaamua nikishaanika nguo."

Alianika nguo. Akakaa kwenye ngazi ya nyuma kupumzika. Lemuel alipomwita, hakuitika.

Walimzika Ijumaa. Akina mama wa kanisa walileta kunde, mboga na mkate wa mahindi, wakataka pia kummalizia ukuta. Idabelle Mims, jirani yake wa miaka mingi, aliokota ule ukurasa.

"Kaka Lemuel, huu tuuweke wapi?"

"Uache."

"Upepo unaingia."

"Uache, dada. Nitauweka mimi."

Asubuhi iliyofuata alipika gundi. Ilikuwa nyepesi, ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ukurasa ulikaa upande na pembe zikajikunja, lakini picha ilimsaidia kujua juu na chini. Aliubandika mlangoni. Kisha akakaa akaula mkate wa jana akiutazama.

Bwana Cade alikuja mchana na paja la nguruwe. Hakuwa mtu mkali. Baba yake ndiye aliyekuwa mkali. Alivua kofia.

"Pole, Mjomba Lem. Shangazi Ozella alikuwa mtu mwema."

"Asante, bwana."

Nyumba ilikuwa ndogo, hapakuwa na pa kutazama ila ukutani. Cade akaanza kusoma. Alisoma juu ya meza. Akainua kichwa akamsoma wa darini. Akaja kwenye jiko, akainama, akapangusa masizi kwa kidole.

"Huyu si gavana?"

"Sijui kusoma, bwana."

"Huyu ni gavana."

"Kama ni yeye, hapo ndipo penye joto kuliko pote ndani ya nyumba."

Cade alimtazama kujua kama ni mzaha, na uso wa Lemuel haukumsaidia. Akaendelea, ukuta kwa ukuta, midomo ikichezacheza, haruki hata tangazo. Lemuel akamkumbuka mzuka wa mama mkwe wake, na pamoja na msiba wake wote akalazimika kuuma shavu asicheke.

Hatimaye Cade akafika mlangoni. Hapo alikaa sana.

"Huyu ni Ozella."

"Ndiye."

"Alikwenda lini?"

"Agosti."

"Na wewe?"

Hapo ilitosha kusema hapana. Ilikuwa ndiyo kweli, na nyumba ingebaki. Lemuel akautazama uso wa mkewe chini ya kofia ya Jumapili, ulivyotazama mbele kama wa mtu aliyekuja kudai chake.

"Mimi nakwenda Jumatatu," alisema.

Cade aliizungusha kofia mikononi. "Nimekuja kwa wema, Lem. Lakini wenzangu wananitazama. Ukienda, usirudi kulala hapa."

"Nimekusikia, bwana."

Cade aliliacha lile paja mezani. Idabelle alipolikuta alitaka kulitupa kwa mbwa.

"Nguruwe kakosa nini?" Lemuel akamwambia. "Kata."

Jumapili baada ya ibada walitoa kitanda, jiko, sufuria na mablanketi ya viraka, wakavipakia kwenye gari la kaka yake Idabelle, ambaye alikuwa na ardhi yake mwenyewe na chumba nyuma. Idabelle alisimama mlangoni akilia.

"Na kuta zake, kaka? Kazi yake yote ile?"

"Ziache. Atakayehamia naye asome."

Usiku ule alilala vizuri, jambo ambalo hakulitegemea.

Jumatatu alipanga mstari posta, suti ya mazishi mwilini, Idabelle mbele yake. Mezani alikaa kijana wa kizungu wa serikali kuu, pua nyekundu kwa baridi, na orodha ya majina ya ukoo mbele yake.

"Jina lako lote, Bwana Tarver?"

Lemuel aliduwaa. Katika miaka yake yote hakuna mzungu aliyemwita Bwana; walimwita kijana, kisha siku moja wakaanza kumwita mjomba. Akataja jina. Kijana akaandika, akamwonyesha pa kutia alama, naye akatia msalaba, mkubwa, ukavuka mstari. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi ashike meza, na watu wa nyuma wakatazamana, wakidhani msiba umempanda kichwani.

"Kaka Lemuel, una nini?" Idabelle alimshika mkono.

"Nimemkumbuka Ozella aliporudi kutoka hapa," alisema, akijifuta macho. "Miguu imevimba, kaivua kofia. Nikamwuliza, haya, umepata nini huko? Akaniambia: 'Kijana kaniuliza, Jina lako lote, Bibi Tarver? Nikamwambia, Unasemaje, mwanangu, masikio yangu mabovu. Akarudia. Nikamwambia, Sema kwa sauti, mwanangu. Akarudia tena, Bibi Tarver, posta nzima ikasikia. Na masikio yangu unayajua, Lem. Mimi namsikia kuku akiwaza kutaga.'"