Fusae wa Chumba cha Baridi

Miaka ile ya themanini, mji wa Miyazaki, kusini mwa Japani, ukichemka kwa joto la kunata, Fusae Kurogi alishinda amevaa koti la pamba na soksi mbili mbili. Kazi yake ilikuwa ndani ya chumba cha baridi, kwenye chuo cha madaktari. Humo lilisimama bomba refu la kioo, na ndani yake maji ya ubongo wa nguruwe yalishuka tone kwa tone mpaka kwenye vichupa. Bongo zile zilitoka machinjioni na kuchemshwa papo hapo, maana zikichelewa, nyama yenyewe hukila kile kinachotafutwa.

Kilichotafutwa ni kijumbe. Profesa Nagatomo, mkuu wao, alipenda kuwaeleza wageni kwamba ubongo wa mnyama hutuma vijumbe vidogo mno viitwavyo peptidi. Kimoja humwambia mnyama ale, kingine alale, kingine anywe maji. Mola peke yake ndiye ajuaye vingapi amevificha humo. Kijumbe hiki kipya kilipotiwa kichwani mwa panya mwenye njaa, panya alikaa mbele ya chakula chake akakitazama tu. Hakuwa mgonjwa. Hamu ndiyo iliyofungwa.

Fusae hakupenda kuwatazama panya wale. Kule milimani Shiiba, mama yake naye alikuwa akikaa mbele ya bakuli la uji wa mchele, akilitazama tu.

"Dada, leo hata supu ameikataa," mdogo wake Mitsue alimwambia kwenye simu. "Njoo."

"Nitakuja, bomba likimaliza."

"Bomba lako halimalizi. Sema tu umeolewa na nguruwe, tujue moja."

"Wenzangu watabeba mzigo wangu, Mitsue."

"Kwani umewaambia?"

Alikuwa amewaambia, kwa namna ya watu wa kule. Alimwendea profesa, akainama, akasema nyumbani kuna kajambo kadogo. Profesa naye akainama: pole sana, tukimaliza hatua hii. Adabu ikatimia pande zote mbili, na Fusae akabaki ndani. Ugonjwa wa mzazi hautangazwi kazini. Mwenzio ndiye anayetakiwa kuhisi. Profesa hakuhisi. Alikuwa amesikia kwamba watu wa ng'ambo wanakitafuta kijumbe hicho hicho, na bomba likisimama katikati, jasho la mwaka mzima limemwagika. Waliokuwa wakililinda kwa zamu ni Fusae na binti mmoja, Hidaka.

"Dada Fusae, midomo imekuwa ya buluu," Hidaka alimtania akimpokea zamu. "Ukizidi kukaa humu tutakupanga sokoni na samaki."

"Nani atanunua samaki mzee hivi?"

"Paka."

Walicheka. Fusae alifungua mdomo aseme neno, akaufunga. Macho ya binti yalikuwa mekundu kwa usingizi. Amwongezee nini tena?

Ikafika siku ya kuwaombea wanyama. Kila mwaka watu wa maabara husimama mbele ya jiwe lililo nyuma ya jengo, huchoma ubani na kuwashukuru nguruwe na panya waliotoa maisha yao. Fusae aliweka ua lake, akakutanisha viganja, na hapo wakamjia panya wale, kimya mbele ya chakula. Machozi yakamtoka, mabega yakatikisika, asiweze kujizuia.

Profesa aliwageukia vijana. "Mnaona? Huo ndio moyo wa shukrani. Mtu kama huyu hawezi kuiacha kazi hii hata siku moja."

Wote wakamwinamia. Fusae alijisikia kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje. Akinyamaza sasa, ndiyo basi. Atasifiwa huku mama anazikwa.

"Mwalimu," alisema, "mnisamehe. Siwalilii nguruwe. Mama yangu hali chakula. Anakufa."

Profesa alitazama viatu vyake, masikio yakamwiva kwa aibu.

"Kajambo kadogo," alisema polepole.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nenda. Nenda sasa hivi. Bomba tutalilinda mimi na Hidaka."

"Mwalimu atahitaji soksi," Hidaka alinong'ona, akimsukuma Fusae taratibu kuelekea getini.

Kule Shiiba alimkuta mama yu hai, mwepesi kama ganda, na alimtambua.

"Wamekuruhusu?"

"Wameniruhusu, mama."

"Nani anafanya kazi yako?"

"Profesa mwenyewe."

Mama aligeuza uso kuelekea ukutani. "Unamsumbua mtu mkubwa kwa ajili ya kibibi kama mimi? Rudi kesho, mwanangu, na basi la kwanza."

Baridi ile ile ikamshika Fusae kifuani. Sauti hiyo aliijua, ni yake mwenyewe. Alitaka kuinama na kusema ndiyo. Badala yake aliingiza mkono chini ya shuka, akautafuta mkono wa mama, akaushika.

"Sirudi, mama. Ukasirike usikasirike, sirudi."

Uji ulikuwa pale pembeni, bado unatoa mvuke, na mama hakuugusa. Lakini mkono wake hakuuondoa.