Injini Kubwa ya Baba

Silvesta Mutai aliajiriwa kuwa dereva kule Al Wukair, Qatar, na ufundi wa magari alijiongezea mwenyewe bila kuombwa. Tajiri wake, ambaye wafanyakazi wote wa nyumba walimwita Baba, alikuwa na wazimu wa magari ya zamani ya Marekani. Mwaka 2013 lilikuja jekundu la mwaka 1969, refu mpaka mlango wa gereji ukagoma kufunga. Baba alishawatangazia rafiki zake kwamba lina injini kubwa kuliko zote zilizotoka kiwandani mwaka ule. Tatizo ni kwamba halikuwaka.

"Likiwaka kabla ya Ijumaa, inshallah nasaini karatasi yako," Baba alimwambia.

Karatasi yenyewe ni kibali cha kutoka nchini, ambacho mfanyakazi hakukipata bila saini ya tajiri wake. Peninah, mkewe, alikuwa Kapsabet na mimba kubwa. Mtoto wao wa kwanza Silvesta alikutana naye akiwa tayari anatembea, na jambo hilo lilimuuma mpaka leo. Huyu wa pili alikuwa ameapa hamkosi.

Kitabu cha kiwanda kiliagizwa Marekani. Gari lile liliuzwa na injini za aina kadhaa, kila moja na ukurasa wake. Mbili kati yake zilifanana kama mapacha, ila nyaya za plagi zilipangwa tofauti. Silvesta akafungua ukurasa wa injini kubwa, akapanga nyaya, akawasha. Gari likakohoa, likapiga baruti, paka wa jirani akahama. Akabadilisha plagi. Akalaumu petroli. Akalaumu joto la Doha, ambalo kweli lina lawama zake. Kitu kimoja tu hakuthubutu kukishuku, nacho ni neno la Baba.

Alhamisi Hadijah, mpishi kutoka Uganda, alitoka jikoni amechoshwa na makelele.

"Sebo, hicho kitabu kina injini ngapi?"

"Mob. Lakini yetu ni ile kubwa. Baba alisema."

"Kwani Baba ndiye aliiunda?"

Silvesta akasugua grisi ubavuni mwa injini mpaka namba ikatokea, akailinganisha na kitabu. Ilikuwa ndogo. Si ndogo sana, lakini ndogo. Akapanga nyaya kwa ukurasa wake na gari likawaka mara moja, likatulia kuunguruma. Hadijah akapiga kigelegele. Silvesta yeye alikaa chini, kwa sababu kesho yake rafiki za Baba wangeuliza ni injini ipi, na kudanganya hakujua. Uso wake ulimchongea kila mara.

Ijumaa baada ya swala wageni walijaa uani. Gari likawaka, wakapiga makofi, kisha mzee mmoja akafungua boneti.

"Hii ndiyo ile kubwa kabisa?"

"Ndiyo," akasema Baba. "Muulizeni fundi wangu."

Wote wakamgeukia Silvesta. Jasho likamtoka. Baba akamtazama usoni, akaielewa habari yote.

"Silvesta," akamwahi, "mkeo anajifungua lini?"

"Mwisho wa mwezi, Baba."

"Hapana, ni leo. Yalla, kapange nguo zako."

Kibali kilisainiwa palepale kwenye mlango wa gari. Mtoto naye hakuwa na haraka. Alimwacha baba yake azunguke Kapsabet wiki mbili, akiulizwa na kila jirani amerudi kufanya nini, ndipo akazaliwa. Silvesta alimpokea mikononi akiwa bado mbichi, akalia mbele ya wakwe zake bila aibu.