Nyimbo Zilizokuwa Ndani ya Kompyuta ya Mwalimu

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ufundi wangu ilianza na mlio. Nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta skrubu iliyoniponyoka, nikasikia juu ya kichwa changu: krrr, tak. Kimya. Krrr, tak. Kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kucha.

Nilipoinuka nikaiona kompyuta kuukuu, plastiki yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake alisimama Mama Anjela wa Kiwalani, akijipangusa jasho kwa pindo la khanga. Bi Zuhura, mwenye duka letu la kuchapa na kutengeneza kompyuta pale Buguruni, alikuwa ameshaichomeka kwenye umeme.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Naomba mnisafishie hii. Ilikuwa ya marehemu mume wangu, Mwalimu. Nataka wapwa zangu wajifunzie kuchapa."

Kusafisha. Kwetu mafundi vijana neno hilo lilikuwa na maana moja tu: kufuta kila kitu na kupiga window upya, yaani kuiwekea mashine Windows mpya. Kompyuta ikigoma, tunapiga window. Ikichelewa, tunapiga window. Mteja akipiga chafya, tunapiga window. Nikaichukua sidii yangu ya window na kumwambia, "Mama, ukirudi utadhani imetoka dukani leo."

"Weka chini hiyo sidii," akasema Bi Zuhura. Alikuwa katibu muhtasi miaka mingi kabla ya kufungua duka, na hakuwahi kuhitaji kupaza sauti. "Umemuuliza ndani kuna nini?"

"Bi Zuhura, mashine ya zamani hii. Kutakuwa na nini?"

"Mie nakuuliza wewe, nawe unaniuliza mie." Akamgeukia mgeni. "Dada, unaposema kusafisha, tufute vumbi au tufute yaliyomo?"

Mama Anjela akatutazama kama tumemtega. "Vumbi, dada. Kwani kuna kingine cha kufuta?"

"Mwalimu alikuwa akiifanyia kazi gani?"

"Kuchapa. Akitoka mazoezi ya kwaya anachapa, anaimba kidogo, anachapa tena. Ila nyimbo zake zilikuwa kwenye makaratasi, na makaratasi yalikwenda na maji siku yalipoingia ndani. Sasa hivi kwaya inaimba kwa kukisia. Besi wanagombana na sauti ya tatu kila Jumapili, halafu wananifuata mimi niamue. Niamue nini, mimi niliyekuwa naimba sauti ya pili?"

Nikaigeukia skrini. Nikatafuta, nikafungua, nikafungua tena. Zilikuwa zimejipanga pale, kila wimbo na noti zake, sauti zote nne.

"Mama," nikasema, "nyimbo za Mwalimu ziko humu."

Alishika ukingo wa meza.

Krrr, tak.

"Diski inakufa hiyo," akasema Bi Zuhura. "Usiizime. Ikizimika haiwaki tena."

Na wiki ile mwanangu, mgao ulikuwa unatukatia umeme mchana, na mchana ulikuwa umeshafika. Nikachomeka flopi, kile kibao cha plastiki ambacho nyinyi mnakijua kwa picha yake tu, pale kwenye alama ya kuhifadhi. Nikanakili wimbo wa kwanza, nikaichomoa flopi kwa madaha.

"Tayari."

"Umeufungua?"

"Nimenakili, Bi Zuhura."

"Sikukuuliza kama umenakili. Nimekuuliza kama umeufungua."

Nikaipeleka flopi kwenye kompyuta nyingine. Ukafunguka: vijisanduku na alama za ajabu, hakuna hata neno moja. Flopi ilikuwa mbovu.

"Hapo ungempa mama wa watu sanduku tupu," akasema, akanisogezea nyingine.

Ile ya pili ilifunguka safi. Nikaanza kusoma kwa sauti: so, la, so, mi.

"Baba, unasoma kama mnadi mitumba," akasema Mama Anjela, akainuka, akaimba. Aliimba sauti ya tatu, kisha akaizamisha sauti yake chini kabisa akaimba besi, kidole kikifuata noti kwenye skrini. Bi Zuhura aliacha kuchapa. Mimi nilisisimka mpaka vidole.

"Kumbe besi ndio waliokuwa sahihi," akasema Mama Anjela, machozi na kicheko pamoja. "Wasijue mapema, tutakoma kwa majivuno yao."

Tukaendelea, wimbo baada ya wimbo, kunakili na kufungua, mpaka feni ikasimama. Mgao. Ile mashine ikanyamaza, na umeme uliporudi haikuwaka. Nyimbo chache zilibaki humo. Nyingi tulizitoa.

Basi nisikilize, wewe unayeanza ufundi. Ukiletewa mashine ya zamani, iwe inatoka kwa matajiri wa Mbezi Beach au uswahilini Kiwalani, uliza kwanza ndani kuna nini, na hakikisha neno la mteja na neno lako lina maana moja. Nakili kabla ya kutengeneza. Ulichonakili kifungue kwenye mashine nyingine ukione kwa macho yako. Nakala zisilale nyumba moja, na zisizeekee kwenye kifaa kimoja: nyimbo zile nimezihamisha kutoka flopi kwenda sidii, kwenda flashi, na leo ziko hata kwenye simu yangu. Na usiseme utafanya kesho, maana diski haikuagi.

Baraka ninayokupa leo nami niliipokea siku ile. Nakala moja ilibaki kwenye droo yetu, nyingine Mama Anjela akaitia kwenye pochi. Akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akulinde, baba. Nyumba yako isikose watu wa kuimba ndani yake."

Bi Zuhura akaitikia amina. Mama Anjela akatoka kwa haraka, ayawahi mazoezi ya kwaya, na mlango ukajifunga nyuma yake.